Mapazia janja Mbalizi: yanaokoa umeme upi?

Mapazia ya mota, yale unayoyafungua kwa simu, yananadiwa kwa ahadi mbili: yanarahisisha maisha na yanapunguza bili ya umeme. Ahadi ya kwanza sina ugomvi nayo. Mzee anayesumbuliwa na mgongo, au mtu anayetumia kiti cha magurudumu, akipata pazia la namna hiyo amepata kitu cha maana. Ugomvi wangu ni ahadi ya pili, hasa ikiletwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini.

Tuwape haki yao kwanza. Dirisha la kioo kimoja hupitisha joto la wati 5.7 hivi kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Chukua dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, usiku wa Julai, ndani nyuzi 18 na nje 8. Hapo wati 100 hivi zinatoroka. Pazia zito linalobana vizuri ukutani hupunguza upotevu huo. Tena Wizara ya Nishati ya Marekani inasema takriban asilimia 75 ya mapazia ya nyumbani hukaa vilevile kila siku. Sasa kama watu hawayagusi, basi mota iwafanyie. Hadi hapo sawa.

Tatizo ni kwamba huwezi kuokoa umeme usioutumia. Wenzetu nyuma ya pazia wana hita au kiyoyozi. Nyumba nyingi za Mbalizi hazina hata kimoja. Baridi ya Juni na Julai tunapambana nayo kwa sweta, blanketi na jiko la mkaa. Joto likitoroka dirishani, luku haina habari.

Badala yake, mota inaongeza matumizi. Tupige hesabu. Tuseme kifaa kinakula wati 1 muda wote kikisubiri amri ya simu. Kwa mwaka ni uniti 8.76. Kwa bei ya TANESCO ya shilingi 356 kwa uniti, kodi ikiwemo, ni kama shilingi 3,100 kwa pazia moja. Mota ikivuta wati 40 kwa dakika moja kwa siku, haifikishi hata robo ya uniti kwa mwaka. Yaani kusubiri kunakula zaidi ya mara 30 ya kazi yenyewe! Si hela nyingi, lakini ni hela inayotoka, siyo inayookolewa.

Kuna kosa lingine la mwelekeo. Miongozo ya Ulaya na Marekani inasema wakati wa baridi fungua mapazia ya madirisha ya kusini, maana jua lao liko huko. Sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua letu liko kaskazini, nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho. Ukifuata mwongozo wao bila kuugeuza, umefungua upande wa kivuli. Dirisha lile lile likitazama kaskazini, mchana usio na mawingu, kwa makadirio yangu linaingiza kama wati 500. Hiyo ni hita ya bure, na ndiyo tunayoifungia pazia kutwa nzima ili kochi lisipauke na vumbi la barabara ya Tunduma lisiingie.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa bei rahisi. Asubuhi fungua pazia la kaskazini, kioo kikiwa kimefungwa. Jua likizama, funga pazia. Kama nyumba ina bati bila dari, pesa ya mota ipeleke kwenye dari, maana joto hupanda na juu hakuna kinachalizuia. Na tafadhali, usilale na jiko la mkaa chumbani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na chumba kinachotunza joto vizuri hutunza na hewa hiyo. Pazia la mota nunua kama mkono haufiki, lakini usitegemee luku yako idumu zaidi.