Mzee wa Njia ya Ziwa Ellis

Kabla ya kuingia msitu wa mianzi juu ya Chogoria, Mzee alisimamisha Land Rover yake kuukuu, akachutama kwenye kila gurudumu na kutoa upepo hadi matairi yakabonyea kidogo. Tairi lililobonyea hulifumbata jiwe. Lililojaa hurukaruka juu yake. Akashika usukani, vidole gumba vikiwa nje ya duara. Gurudumu likigonga mwamba usukani hujizungusha ghafla, na kidole kilichokunjwa ndani huvunjika.

Nimepanda na madereva hodari wa kukimbiza gari. Huyu hodari wa kulitembeza.

Kutoka Chogoria mpaka lango la Hifadhi ya Mlima Kenya ni kama kilomita 30, nyingi zikiwa za msitu. Kutoka hapo njia hupanda kwa mawe na matope hadi ziwani, karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Mwenye pupa hukanyaga mafuta, magurudumu yakachimba, gari likalala kwa tumbo. Mzee aliweka gia nzito chini kabisa ya mteremko, tukiwa bado pakavu, akaiacha injini ivute kwa mngurumo uleule, polepole, kama mama apandaye kilima na ndoo kichwani. Klachi hakuigusa tena. Ukiikanyaga katikati ya matope mwendo hukatika, na ukishakatika hapo, tafuta jembe.

Penye dimbwi pana alishuka na fimbo, akapima kina hatua kwa hatua, akarudi suruali imelowa hadi magotini. Pembeni palikuwa na alama za magari yaliyolikwepa kwa kupita juu ya nyasi. Baridi ya huko juu huchelewesha kila kinachoota, jeraha la tairi likakaa miaka. Nilimwuliza kwa nini naye asipite pembeni, pakavu.

"Njia ni hii," akasema, akaingia majini.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Kuvuka alijua, lakini pia alichagua kulowa yeye ili nyasi zipone.

Tulipofika, sisi abiria tulikimbilia ukingoni, vilele vikiwa ndani ya maji. Mzee alibaki nyuma, akizunguka gari taratibu, akigusa kitovu cha kila gurudumu kwa kiganja kusikiliza joto.