Nani Amepiga, Nani Amesafisha? Vitabu Kuhusu Fox Talbot na Suala la Mtunzi wa Picha

William Henry Fox Talbot alichapisha The Pencil of Nature kwa sehemu 6 kati ya 1844 na 1846, kikiwa na picha 24 halisi zilizobandikwa kurasani. Jina hilo, yaani kalamu ya maumbile, linadai kwamba nuru ndiyo iliyochora. Vitabu viwili muhimu kumhusu vinalikana dai hilo kuanzia jaladani. Wasifu wa H. J. P. Arnold (1977) unamtaja kuwa mwanzilishi wa upigaji picha na mwanasayansi, Larry J. Schaaf (2000) anatangaza sanaa yake. Kalamu imetoka kwa maumbile na kukabidhiwa mtu mmoja.

Tahakiki hii inashikilia kwamba mkono huo mmoja hautoshi. Kwa Kiswahili, picha hupigwa, kisha husafishwa. Vitenzi hivi viwili ni vya kazi, na si lazima viwe na mtenda mmoja. Tena, kusafisha kunachukulia kwamba taswira imo tayari, ikingoja kudhihirishwa. Ndivyo Talbot alivyogundua mnamo Septemba 1840: karatasi iliyoguswa na nuru kwa muda mfupi hubeba taswira isiyoonekana hadi itiwe dawa.

Nakala za kitabu zilitayarishwa mjini Reading, katika karakana ya Nicolaas Henneman, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani wa Talbot. Wataalamu wanamfahamu vyema Henneman. Tatizo ni kwamba huhesabiwa katika historia ya ufundi, si katika maana ya picha.

Tuitazame picha ya 6, The Open Door. Ufagio umeegemezwa penye mlango ulio wazi, taa na hatamu zimetundikwa, mtu hayumo. Katika maelezo yake Talbot anawataja wachoraji wa Kiholanzi ili kutetea uteuzi wa jambo la kawaida. Anayefuata maelezo hayo ataona utulivu na mpangilio. Anayefuata vitenzi vyetu ataona pia ufagio usio na mfagiaji, katika picha isiyomtaja msafishaji wake.

Hatudai kwamba Talbot alikusudia maana hiyo. Tunadai kwamba mjadala wa iwapo alikuwa mwanasayansi au msanii hauwezi kuifikia, kwa sababu pande zote mbili zimekwisha kukubaliana kuhesabu mtu mmoja.