Kushoto kwa Mstari

Padre alitoa karatasi nyeupe isiyo na mistari, akailaza mezani kwa upana, akachukua rula na kupiga mstari mmoja wa wima katikati. Juu ya mstari akaandika tarehe ya harusi ya dada yangu. Kisha akasema, "Haya, mwanangu, anza popote unapotaka."

Dada huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Aliniomba nimsindikize kwa sababu njiani kutoka stendi hadi nyumba ya mapadre alihofia angegeuza. Mji ule wa Nyanda za Juu Kusini ulikuwa na ukungu mpaka saa nne asubuhi. Tulibisha, "Tumsifu Yesu Kristo," tukajibiwa "Milele, amina" na mzee aliyevaa sweta juu ya sweta. Alisomea sheria za Kanisa Nairobi, na askofu wake alimwidhinisha kuwa wakili katika mahakama ya jimbo. Huwezi kusimama pale kwa sababu tu una shahada ya sheria za serikali. Sheria ya Kanisa inataka wakili awe bingwa wa sheria hiyo na awe na kibali cha askofu.

Dada alianza pale ambapo wengi huanza: vipigo, pombe, nyumba ndogo, usiku wa kulala kwa jirani na mtoto mgongoni. Alisema karibu saa nzima. Padre hakumkata. Mara mojamoja aliandika neno kwa herufi ndogo, na kila neno aliliweka kulia kwa mstari. Upande wa kushoto ulibaki mweupe.

Alipomaliza, alitoa kwenye mkoba hukumu ya talaka ya mahakama ya serikali, aliyoipata baada ya kupitia baraza la usuluhishi kama Sheria ya Ndoa ya 1971 inavyotaka. Aliikabidhi kama mtu anayecheza karata yake kubwa. Padre aliisoma yote hadi mhuri, akaiweka nyuma kabisa ya jalada. "Hii inasema ndoa ilivunjika," alisema. "Sisi tutauliza kama ilifungwa."

Lugha yetu ilikuwa imemrahisishia kazi. Sisi husema *kufunga* ndoa, na fundi wa kamba anajua tofauti ya fundo lililokatika kwa kuvutwa na fundo ambalo halikushika tangu mwanzo. Kanisa halitoi talaka. Linachoweza kutamka ni kwamba siku ile, mbele ya padre na mashahidi wawili, kitu fulani cha lazima kilikosekana. Na hadi hilo lithibitishwe, sheria inaichukulia ndoa kuwa halali. Kwa hiyo kazi yote ya wakili iko kushoto kwa mstari, mahali ambapo dada alikuwa hajasema neno.

Padre alianza kuuliza, na hapo ndipo nilipoanza kumtazama kwa makini. Maswali yalikuwa mafupi, na kila moja lilikuwa na kitu kimoja tu ndani yake. Mimba uliijua mwezi gani? Ulimwambia nani kwanza? Kikao cha familia kilikaa wapi? Ulikuwa ndani au jikoni? Dada alikuwa jikoni. Alisikia sauti ya baba yake ikitaja Jumamosi, na wiki sita baadaye ilikuwa harusi.

"Baba alikutisha?"

"Hapana, Padre. Hakupaza hata sauti."

Wakili mwenye haraka angeliacha shauri hapo. Sheria inataja nguvu, au hofu kubwa itokayo nje, inayomfanya mtu achague ndoa ili aepukane nayo. Haidai kwamba aliyeitia hofu hiyo alikusudia. Katika mashauri ya Kanisa kuna hofu inayojulikana kwa muda mrefu, ya mtoto anayeogopa kumuudhi mzazi anayemheshimu. Haina jeraha la kumwonyesha daktari. Padre alimimina chai, akauliza kana kwamba amebadilisha mada, "Baba akikasirika hufanyaje?"

"Hunyamaza."

"Kwa muda gani?"

Dada alifikiri, akasimulia habari ya kaka yake aliyekataa kwenda chuo cha ualimu. Baba hakumsemesha miaka miwili. Chakula kilipelekwa, salamu hazikujibiwa. Padre aliandika *miaka miwili*, kwa mara ya kwanza upande wa kushoto, akapigia mstari chini yake.

Mpaka adhuhuri upande ule ulikuwa umejaa. Alikuwa akitafuta vitu viwili: shinikizo, na dalili kwamba moyo wa dada ulikuwa ukiikataa ndoa yenyewe. Kimoja bila kingine hakisimami.

Katikati ya hayo dada alinyamaza ghafla, akauliza kama mtoto wake sasa ataitwa wa haramu. Padre aliweka kalamu chini. Watoto wa ndoa iliyofungwa kwa nia njema hubaki halali hata ndoa ikitangazwa batili, alisema. Sheria imeliandika hilo. Alisubiri hadi akaona limeingia, ndipo akaishika kalamu tena.

Hati ya maombi iliandikwa mara nne. Yaliyomo si mengi: mahakama inayoombwa, kinachoombwa, msingi wake katika sheria, matukio kwa muhtasari pamoja na ushahidi utakaoletwa, saini, tarehe, na anapoishi mume. Nimehariri maandishi ya watu kwa miaka mingi na nilidhani najua kupunguza maneno. Rasimu ya kwanza ilisema, "Baba alinilazimisha." Padre aliikata. "Kulazimishwa ni neno la hakimu. Wewe sema alichofanya." Baadaye akakata "mume katili", na hapo dada alikunja uso. Nakala ya hati hii itamfikia mume, Padre alieleza, na atapewa siku 15 za kutoa kauli. Mtu anayetukanwa kwenye ukurasa wa kwanza haji kusema kweli kwenye wa pili.

Ikafuata orodha ya mashahidi. Jirani aliyekuwa akisikia vipigo kupitia ukutani alijitolea kwa moyo mkunjufu, hata kitenge cha kwendea alishakichagua. Padre alimshukuru, akamwacha. Alijua ya kulia tu. Aliwataka shangazi aliyekuwa kwenye kikao, matroni aliyemvalisha shela, kaka wa ile miaka miwili, na katekista aliyefundisha mafundisho ya ndoa. Hakumfundisha hata mmoja la kusema. Alichokitengeneza ni maswali ya kupendekeza kwa mahakama, na alinionyesha mawili. "Je, alilia kwa sababu hakutaka?" alilifuta, kwa kuwa jibu limo ndani ya swali. Badala yake aliandika: "Ulimwonaje asubuhi ya harusi?"

Siku za mahojiano sikuwapo. Wala dada hakuruhusiwa kuwapo mashahidi wakihojiwa. Mawakili huruhusiwa, pamoja na mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kuleta kila hoja halali inayoweza kuilinda ndoa. Jalada lilipofunguliwa ili pande zote zisome, Padre alikwenda na penseli na daftari. Dada naye alisoma, akaniambia baadaye alichokikuta katika maneno ya mume wake wa zamani. Aliulizwa juu ya siku za kabla ya harusi, akajibu kwamba mchumba wake alikuwa hasemi, akadhani ni uchovu.

Sentensi hiyo Padre aliiweka mwanzoni mwa utetezi wake wa maandishi, mbele ya maneno ya shangazi na ya kaka. Hakuongeza chochote juu yake.

Swali walilopewa mahakimu watatu lilikuwa moja: je, inathibitika kwamba ndoa hii ni batili kwa sababu ya hofu? Hukumu ilifika mwaka ule ule. Padre alipita kurasa za historia na za sheria hadi kwenye jibu, akalisoma kwa sauti: inathibitika. Dada alishika meza. Mimi nilikuwa tayari nimetoa simu nimpigie mama mkubwa.

"Ngoja kwanza," alisema Padre.

Zamani ilihitajika hukumu ya pili inayokubaliana na ya kwanza. Tangu marekebisho ya Papa Fransisko ya 2015 moja inatosha, mradi rufaa isikatwe ndani ya siku 15. Padre aliangalia tarehe iliyo juu ya hukumu, akatikisa kichwa, akampigia mwandishi wa mahakama kuuliza mume na mtetezi wa kifungo walipokea nakala zao lini. Aliandika tarehe mbili kiganjani, akachagua ile ya mwisho, akaigeukia kalenda ya ukutani na kuanza kuhesabu kwa ncha ya penseli, akigusa kila mraba.