Waraka Uliokunjwa: Tafakuri Juu ya "Taifa Letu, Amani Yetu"

Tukishuka kutoka Mbinga hadi ufukweni Mbamba Bay, tunaielekea Malawi ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Huko, Jumapili tarehe 8 Machi 1992, waraka wa maaskofu Wakatoliki ulisomwa makanisani kote, ingawa chama kilikuwa kimoja na Kamuzu Banda alikuwa Rais wa maisha tangu 1971. Mwaka 1993 wananchi walichagua vyama vingi kwa kura ya maoni.

Nasi je? Maaskofu wa KKKT walitoa "Taifa Letu, Amani Yetu" kwa Pasaka ya 2018, wakati mikutano ya hadhara ya vyama imebanwa. Waraka ulitaja utekaji na mauaji, ukakumbusha haja ya Katiba mpya. Tunausifu kwa kuiita dhambi kwa jina lake. Hata hivyo, haukusomwa katika sharika zote. Udhaifu huo si wa maandishi, bali wetu sisi wachungaji. Demokrasia haidhoofishwi na amri ya dola peke yake. Hudhoofika pia mhubiri anapoukunja waraka, akijitetea kwa Warumi 13 na kuisahau Matendo 5:29. Mlinzi wa Ezekieli 33 hahukumiwi kwa kuuona upanga, bali kwa kutopiga tarumbeta.