Sifa ya Kukaa Nangani

Nahodha husifiwa akiwa mbioni. Tanga limejaa, omo inapasua maji, na walioko ufukweni wanabishana ametoka Unguja saa ngapi. Mimi sifa zangu nampa akiwa ametia nanga, kusi inavuma siku ya tatu mfululizo, na jahazi halina pa kwenda.

Pa kuuona ujuzi huo ni ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, miezi ya Juni na Julai. Visiwa vya Juani na Jibondo vimekaa upande wa bahari kuu na kuyavunja mawimbi. Upepo haviuwezi, unapita juu ya minazi na kushuka majini na nguvu zake zote, mlingoti ukavuma kutwa. Nanga ndiyo iliyoamua hata mambo ya serikali hapa: kisiwa cha Chole kilikuwa makao ya utawala mpaka mwaka 1913, Wajerumani walipohamia Kilindoni kwa kuwa meli zao zilitaka kina kirefu zaidi. Majahazi yalibaki. Yenyewe hayana makuu.

Wengi hudhani nanga ni uzito tu, kama jiwe la kufungia mbuzi. Uzito husaidia kidogo. Kinachoshika ni ulalo wa amari, yaani kamba ya nanga. Ikilala karibu na mchanga, kila jahazi likivuta, makucha ya nanga huzidi kuzama. Ikiwa fupi, kila wimbi huinyanyua nanga mpaka ing'oke. Kwa hiyo mwenye kamba tupu, asiye na mnyororo, hutoa urefu wa mara 7 ya kina au zaidi, na kina chenyewe hakitulii. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu hupanda mita 3, hata 4. Aliyetia nanga maji yamekupwa, akalala bila kuongeza amari, maji yakijaa usiku wa manane hesabu yake imeshaharibika. Upepo nao ukizidi kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huwa mara nne. Ndiyo sababu foromali, mti unaobeba tanga, hushushwa ikalazwa: penye kusi hata mti mtupu ni tanga.

Nimemwona nahodha mzee akiifanya kazi hii kwa unyayo. Alikuwa ameketi omoni, kikombe cha chai ya rangi mkononi, amekanyaga amari, na mazungumzo ni ya mahari. Nanga iliyoshika huvuta kwa uzito, polepole. Inayokokotwa hutetemeka na kugongagonga, kwa kuwa makucha yanarukaruka juu ya mchanga. Katikati ya mahari akakatiza: "Legezeni pima tatu."

Kijana mmoja akatazama ufukweni, kwenye mnazi na paa la bati waliloliweka mstari mmoja nao tangu asubuhi. Havikuwa vimeachana.

"Mbona hatujasogea, nahodha?"

"Ndiyo maana nasema sasa, mwanangu."

Kabla ya kutia nanga kuna kazi ya kuchagua chini ya bahari. Penye majani ya bahari nanga huteleza. Penye matumbawe hushika upesi mno, kisha hukwama, na mwamba hukata kamba. Tena tangu mwaka 1995 eneo hili ni hifadhi ya bahari, na nanga moja huvunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Baharia mwenye miwani ya kuzamia hushuka kuhakikisha kuwa makucha yako mchangani. Wasiopenda kulowa huhakikisha kwa dua.

Asidhani mtu kwamba siku ya nangani ni ya kulala. Jahazi la mbao likitikiswa hupitisha maji, basi ngama hufuliwa asubuhi na jioni. Amari huzungushiwa gunia pale inaposugua mbao, na gunia husogezwa kila baada ya muda, maana nalo hulika. Tanga hutandazwa likashonwa. Anayeteseka zaidi ni mpishi na jiko lake la kasha la mchanga. Mkondo wa Kinasi, mlango wa ghuba hii, una nguvu, na ukipingana na upepo jahazi hukaa ubavu, likayumba, moshi ukamrudia machoni. Akisikika analaani, wenzake wanajua maji yamegeuka.

Halafu kuna mwenye mzigo, ambaye hupiga simu mara mbili kwa siku kuulizia vitunguu vyake. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Nahodha wa kweli alikwisha kuona tangu jana, lakini sasa ana kitu ambacho wazee wake hawakuwa nacho: karatasi ya kumwonyesha tajiri.

Kusi ikilegea, nanga iliyovutwa siku tatu huwa imezama vibaya, na mikono ya mabaharia wanne haiitoi. Hawashindani nayo. Maji yakianza kujaa hukaza amari mpaka isimame wima juu ya nanga, wakaifunga imara, wakanywa chai. Maji yanapanda, jahazi linapanda nayo, na nanga inang'oka yenyewe. Tanga likishapanda, watu wa ufukweni ndipo hutoka kutazama.