Hyènes: kicheko cha kwenye kaye ya madeni

Bandugu, mukitafuta filamu ya kuchekesha iliyotoka kwenye mchezo wa jukwaani, muanze na Hyènes ya Djibril Diop Mambety wa Senegal, ya 1992. Mchezo wenyewe ni wa Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi, wa 1956. Yeye aliuita komedi ya msiba, na jina hilo linafaa.

Mama aliyefukuzwa mjini kijana, na mimba yake, anarudi mzee na tajiri kupita kiasi. Mji umefilisika. Anaahidi feza kwa wote, sharti ni moja: wamuue mwenye butike, yule aliyemkana zamani. Wote wanakataa kwa hasira. Kisha wanaanza kukopa, tena kwa butike ya mtu yuleyule! Pombe nzuri, viatu vipya vya manjano. Njo pale unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni: kama kila mtu anakopa, kila mtu ameshahesabu kwamba huyu atakufa.

Filamu ya kwanza iliyojulikana sana, ile ya 1964 ya Ingrid Bergman na Anthony Quinn, iliogopa mwisho. Mama anamuachia mwanaume uzima wake. Mi naona hapo utani ulitolewa meno. Kama hakuna anayelipa, kaye ya madeni ilikuwa ya nini? Mambety hakuogopa. Watu wanamzunguka Dramaan, wakiondoka zinabaki nguo zake tu.

Filamu iko na udhaifu. Picha za fisi zinarudirudi hata kama tulishaelewa. Lakini Mambety hakutafsiri maneno tu, alihamisha deni. Mji ni Colobane, alikozaliwa yeye mwenyewe. Lugha ni Kiwolof. Mafriji na feni zinashuka kati ya watu maskini, na mama anasemwa ni tajiri kama Benki ya Dunia.

Jina hilo sisi wa Lubumbashi tunalijua. Mwaka 2003, kwa feza ya Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kwa hiyo mtu akitaka kuleta mchezo huu hapa kwetu, swali gumu si nani atakuwa mama tajiri. Swali ni hili: mwenye butike ni nani? Nani alitolewa ili wengine wapumue, na sisi tulikopa nini kwa jina lake?

Musiseme hatuwezi. Mwaka 1986 kundi la Mufwankolo lilichukua methali moja juu ya utawala, kwamba unaliwa mzima, likaigeuza mchezo kwa Kiswahili chetu, likaenda kuucheza kijijini Kawama mbele ya kamera za televisheni. Watu walicheka mambo ya chifu, na wakati ule neno utawala halikuwa neno la mchezo hata kidogo.

Leo kila finaliste ana kamera mfukoni. Tunatengeneza vichekesho vya dakika mbili: mke mkali, mlevi, mwanakijiji anayepotea mjini. Tunacheka, tunapitisha kidole, basi. Hakuna aliyeguswa. Chukueni mchezo mmoja wa zamani, wa kwetu ao wa mbali, muusome mpaka mwisho. Kisha muulizane kabla ya kuwasha kamera: katika kicheko hiki, nani njo analipa?