Pamba kwenye Nyufa za Jahazi

Jahazi likipandishwa ufukweni Lamu, macho ya watu huenda kwenye mlingoti na omo. Wachache humtazama mtu aliyelala chali mchangani chini ya tumbo la chombo, patasi mkono mmoja, nyundo ya mbao mkono wa pili. Huyo ndiye fundi wa kalafati, anayeziba kwa pamba nyufa zilizo kati ya mbao.

Kazi yake huanza kwa kuondoa. Pamba kuukuu huikwangua yote, maana pamba mpya juu ya iliyooza haishiki. Kisha huisokota pamba kama kamba, huitia mafuta ya nazi au sifa, yaani mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki mikononi upesi, na kuishindilia mwanyani tabaka kwa tabaka. Hapa ndipo ujuzi ulipo. Mbao hunywa maji zikavimba. Akikaza mno, zitasukumana. Akilegeza, bahari itaing'oa pamba. Basi husikiliza: mlio wa nyundo hubadilika mwanya ukishajaa. Kitu kigumu hakifai, kwa sababu chombo hujinyonga kwa kila wimbi, na kizibo sharti kijinyonge nacho.

Mwisho hupaka deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao. Yote haya huyafanya akikimbizana na maji yanayojaa, ambayo hayamsubiri mtu.

Nimewahi kulala juu ya magunia ndani ya jahazi usiku kucha, bahari ikigonga ubavuni, kiasi cha shubiri moja kutoka sikioni pangu. Asubuhi nguo zangu zilikuwa kavu.